Binti Akitaka Gwanda, Asilichague kwa Rangi



Likitoka tangazo la nafasi za vikosi, simu zetu hazitulii. Shoga anamrushia shoga, mama anamrushia mtoto, na kabla ya Magharibi tangazo limeshazunguka kutoka Makunduchi mpaka Micheweni. Mabanati waliomaliza kidato cha nne na cha sita wanatafuta vyeti vya kuzaliwa, wanakwenda kwa sheha kutaka barua, wanapanga foleni kupiga picha. Na suali linalotufikia huwa moja: "Huyu mtoto aombe kikosi gani?"

Majibu hayakosekani. Mmoja atasema aombe vyote, kitakachomchukua ndiyo riziki yake. Mwengine atasema achague cha hapa hapa Zanzibar asiende mbali na mama yake. Wa tatu atasema aende pale alipo mjomba. Binti mwenyewe, ukimvuta pembeni, mara nyingi ameshapendezwa na gwanda aliloliona kwenye gwaride la Januari 12. Au amevutwa na jina tu, maana KMKM, JKU, KVZ, Zimamoto na Mafunzo wengi wetu tumeanza kuyasikia redioni kwenye matokeo ya ligi, kabla hatujajua vikosi vyenyewe vinafanya kazi gani.

Sisi tuna jibu letu, na leo tunalitoa hadharani. Binti asichague kikosi kwa rangi ya gwanda, wala kwa umbali kutoka nyumbani, wala kwa jamaa aliyemo ndani. Ajiulize jambo moja: nikishavaa gwanda hili, kila siku ya Mungu, nani au nini kitasimama mbele yangu? Bahari? Moto? Mfungwa? Jirani mwenye hasira? Adui mwenye bunduki? Shamba? Vikosi vyote vinapiga kwata na vyote vinapiga saluti, lakini kinachosimama mbele ya askari hakifanani. Hicho ndicho atakachoishi nacho mpaka kustaafu.

Mchagua jembe?

Tunajua tutakavyojibiwa. Tutaambiwa mchagua jembe si mkulima. Ajira ni ngumu, nyumba nyingi zinamtegemea huyo huyo binti, nani ana nafasi ya kuchagua? Hatulikatai hilo. Mshahara wa serikali unaingia kila mwezi, na mama aliyelea watoto kwa kukaanga mandazi alfajiri ana haki ya kuutamani.

Lakini hapa kinachochaguliwa si jembe, ni shamba. Jembe likikushinda unabadilisha mpini. Shamba ukishalihamia, utalilima, litoe lisitoe.

Watu wengi hawajui jinsi milango hii inavyofungwa. Matangazo ya JWTZ ya miaka ya karibuni yamekuwa na sharti kwamba mwombaji awe hajawahi kutumikia Polisi, Magereza, Chuo cha Mafunzo wala KMKM. Hebu lisome tena sharti hilo. Yule anayesema "aanze hapa kwanza, baadae atahamia jeshi kubwa" anampoteza mtoto bila ya kukusudia. Kuna milango ambayo ukiingia mmoja, mwengine unajifunga nyuma yako.

Umri nao haungoji. Kwa wenye elimu ya sekondari, dirisha linafunguka wakiwa na miaka 18 na linafungwa katikati ya miaka ya ishirini. Halafu lipo sharti la kutokuwa na mume wala mtoto wakati wa kuomba. Kijana wa kiume halimsumbui sana. Binti wa visiwani, ambaye posa zinaanza kubisha hodi hata matokeo ya mtihani hayajatoka, linamweka njia panda. Akiolewa leo, mlango umefungwa. Akiingia leo, ndoa itasubiri mpaka taratibu za kikosi zimruhusu. Kwa hivyo siku anapojaza fomu anaamua mambo mawili kwa mpigo, na ni haki yake kujua kuwa anaamua mawili.

Kwanza tuvijue vikosi vyenyewe

Sisi wa Zanzibar tuna jambo ambalo wenzetu wa Bara hawana: tuna vikosi vya aina mbili, na watu wanavichanganya.

Vipo vya Muungano. Hapo liko Jeshi la Wananchi wa Tanzania, lililoundwa Septemba 1, 1964, lenye kamandi ya nchi kavu, ya anga na ya wanamaji. Lipo Jeshi la Kujenga Taifa, JKT, lililoanza Julai 1963. Liko Jeshi la Polisi, na iko Uhamiaji. Ukiingia huku, nchi nzima ni kituo chako. Unaweza kupangiwa Kigoma, Mtwara au Mara, na jeshini unaweza kupelekwa hata nje ya nchi.

Halafu vipo vya Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, ambavyo Rais wa Zanzibar ndiye mkuu wake. Katiba ya Zanzibar ya 1984 inavitaja kwa jina la Idara Maalum: Jeshi la Kujenga Uchumi yaani JKU, Kikosi Maalum cha Kuzuia Magendo yaani KMKM, na Chuo cha Mafunzo, ambacho ndicho kinachosimamia magereza yetu. Pamoja na hivyo kuna Kikosi cha Zimamoto na Uokozi, na Kikosi cha Valantia, KVZ. Huku kazi yako ni visiwani, Unguja na Pemba.

Sasa turudi kwenye suali letu. Mbele yako atasimama nani?

Bahari

Ukichagua KMKM, bahari ndiyo ofisi yako. Kazi yake ya asili ni kuzuia magendo, na kila Mpemba anajua maana ya magendo ya karafuu msimu ukifika: jahazi linaondoka usiku likiwa na magunia yaliyotakiwa kuuzwa ZSTC. Askari wa KMKM ndiye anayelikimbiza. Lakini yeye huyo huyo ndiye anayeitwa chombo kikizama. Usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011, MV Spice Islander ilipozama mkondo wa Nungwi ikielekea Pemba, na Julai 18, 2012, MV Skagit ilipozama karibu na Chumbe ikitokea Dar es Salaam, KMKM walikuwemo katika waliotoka kwenda kutafuta watu, pamoja na vikosi vyengine na wavuvi wetu. Hakuna nyumba katika visiwa hivi isiyojua misiba ile. Walipotea mamia, na ndani yao wanawake na watoto wengi.

Kwa hivyo binti anayetaka KMKM, au kamandi ya wanamaji ya JWTZ, ajiulize kweli: nikitolewa usiku kwenda kwenye maji yenye maiti, nitakwenda? Na kabla ya hapo: najua kuogelea? Ni ajabu yetu sisi watu wa kisiwani kwamba mtoto wa kiume anajifunza kuogelea mwenyewe akiwa na miaka sita, wa kike anaishia kuteka maji ya bahari kwa ndoo. Kule Nungwi mradi wa Panje umewafundisha wasichana kuogelea wakiwa wamejisitiri mwili mzima, na bahari haikuwakataa. Akijifunza hata kabla ya tangazo kutoka, atakuwa amejijua. Akiona maji yanamtia khofu isiyokwisha, hilo nalo ni jibu, na si aibu.

Moto, na mtu aliyebanwa

Zimamoto watu huwakumbuka siku ya moto, na siku hiyo huwakumbuka kwa lawama kwamba wamechelewa. Lakini jina kamili lina neno Uokozi. Ni ajali za barabarani, ni mtu aliyetumbukia kisimani, ni nyumba ya Mji Mkongwe iliyoanguka. Kazi hii inataka mikono yenye nguvu na moyo usiopaparika. Pia inataka mtu anayeweza kukaa siku nyingi bila ya kuitwa, akifanya mazoezi yale yale, ili akiitwa awe tayari. Binti mwenye pupa ya kuonekana hatadumu. Binti mtulivu, yule ambaye mtoto akiungua jikoni wengine wanapiga kelele na yeye anatafuta maji, huyo ndiye wao.

Na tusisahau jambo moja linalotuhusu sisi: mwanamke anapotolewa kwenye gari iliyopinduka, nguo zimechanika, angependa mikono ya kwanza kumfunika iwe ya nani?

Mfungwa

Chuo cha Mafunzo ni kikosi ambacho wazazi hawakipendi kwa jina. "Mtoto wangu akakae na wezi?" Tunaomba wafikiri tena. Kanuni za kimataifa za kuwahudumia wafungwa, zile zinazoitwa Kanuni za Mandela, zinataka mfungwa wa kike asimamiwe na askari wa kike. Maana yake ni kwamba kila mwanamke aliyefungwa, awe ana hatia au anangoja kesi, anawahitaji wanawake wenzake wenye gwanda. Ndiye askari huyo atakayempekua, atakayeona kama anaumwa, atakayejua kama ana mimba au ana mtoto mchanga. Jina lenyewe, Chuo cha Mafunzo, linasema nia: mtu aingie akiwa mkosaji, atoke akiwa na ufundi.

Kazi hii inamfaa binti mwenye huruma isiyodanganyika. Huruma peke yake wafungwa wataichezea. Ukali peke yake utamgeuza yeye mwenyewe kuwa mtu asiyetambulikana na mama yake.

Ardhi

JKU ni mwenza wa JKT ya Bara. Wanachukua vijana wa kujitolea, wanawafunza ukakamavu, kilimo na kazi za mikono. Hapa ndipo yanapotokea maumivu mengi, kwa hivyo tunasema wazi. Kujiunga kwa kujitolea si kuajiriwa. JKT katika matangazo yake husema kwa maneno hayo hayo kwamba halitoi ajira wala halimtafutii mtu ajira, na kijana anarudi nyumbani muda wake ukimalizika. Wazazi wanalisoma tangazo, wanalipita neno hilo, halafu miaka miwili baadae wanasema mtoto ameonewa.

Hatusemi kujitolea ni kupoteza wakati. Cheti chake kimekuwa ni kitu kinachotakiwa katika nafasi nyengine za ulinzi, na binti aliyejua kulima mboga, kufuga kuku au kushona kwa cherehani anarudi na kitu mkononi. Tunachosema ni kwamba aende akijua. Akienda kwa kutaka ufundi na ukakamavu, hata asipoajiriwa hakurudi mikono mitupu. Akienda kwa kutaka mshahara tu, atarudi na uchungu.

Jirani yako

Polisi ni jambo jengine kabisa. Huku anayesimama mbele yako ni mtu mnayejuana, na mara nyingi siku hiyo ndiyo mbaya kuliko zote katika maisha yake. Leo ameibiwa, kesho yeye ndiye mwizi. Na yako mambo mazito zaidi. Vituo vya Polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto, na sisi wanawake wa visiwa hivi tunajua kwa nini linahitajika. Tunajua kesi ngapi za watoto waliofanyiwa udhalilishaji zinamalizwa kifamilia, chini ya muembe, kwa sababu hakuna aliyetaka kwenda kusema mambo hayo mbele ya mwanamme mgeni. Siku mama atakapojikaza akaenda, atakayemkuta nyuma ya meza ile anaweza kuwa ndiye sababu ya kesi kufika mahakamani au kufa pale pale. Binti mwenye masikio ya kusikiliza na mdomo usiotoa siri ana nafasi kubwa hapo kuliko penginepo popote.

Lakini Polisi, na vikosi vyengine vinavyolinda usalama wa ndani kama Valantia, vina upande wa pili. Ipo siku utapangwa mbele ya watu wako mwenyewe, mtaa wako, pengine kaka yako, na utapewa amri. Amri halali hutekelezwa. Binti ajiulize mapema, akiwa bado na nguo zake za nyumbani, kama anayo subira ya kutukanwa asijibu, na kama anao ujasiri wa kutumia nguvu kwa kiasi kinachotakiwa tu, hata wenzake wakizidisha. Asiyeweza kumzuia mkono wake asiombe kazi inayompa rungu. Na akumbuke pia kwamba Katiba ya Muungano inamkataza askari kujiunga na chama chochote cha siasa. Kura yake anabaki nayo, lakini kadi na fulana aziache nje ya lango.

Adui

Mwisho ni JWTZ. Hapa hatutaki maneno matamu. Jeshi ni kazi ya vita, hata kama miaka mingi inapita bila ya vita. Wanajeshi wetu wamekuwa katika kazi za amani za Umoja wa Mataifa, Darfur, Lebanon, Afrika ya Kati na Kongo. Desemba 7, 2017, kambi yao ya Semuliki huko mashariki ya Kongo ilishambuliwa na wanajeshi 14 wa Tanzania wakauawa. Miongoni mwao walikuwemo vijana wa visiwa hivi, na majeneza yao tuliyapokea hapa. Mzazi anayemwambia binti yake "jeshini kuna maslahi" amwambie na hilo.

Upande wa pili, JWTZ ndiko kwenye fani nyingi kuliko kwengine. Matangazo yake ya karibuni yamewataka pia wenye udaktari na uhandisi. Binti anayesoma sayansi asidhani jeshi ni kubeba bunduki peke yake. Kuna hospitali, kuna karakana, kuna ndege na kuna meli. Lakini kila mmoja wao, awe daktari au fundi, kwanza ni mwanajeshi. Ataanza depo kama kuruta mwengine, atalala alipoambiwa, ataamka alipoambiwa, na akipangwa Songea hatauliza kwa nini si Chakechake.

Dini yetu inasemaje?

Wapo watakaosema mjadala wote huu hauna maana, mwanamke na jeshi wapi na wapi. Tunawaheshimu, lakini tunawakumbusha kwamba historia yetu haianzi jana. Bibi Nusayba bint Kaab alitoka siku ya Uhud akiwapelekea maji waliokiu, na mambo yalipogeuka alishika upanga akasimama kumkinga Mtume (S.A.W.), akajeruhiwa. Bibi Rufaida wa kabila la Aslam aliwekewa hema katika msikiti wa Madina akiwatibu majeruhi. Wengine walibeba maji, wengine waliwafunga vidonda waliojeruhiwa. Tazameni: hawakufanya kazi moja. Kila mmoja alisimama pale alipoweza kusimama. Hilo ndilo tunalolisema leo.

Yako masuali ya haki ambayo binti wa Kiislamu anapaswa kuuliza, na aulize kabla ya kuapa si baada yake. Gwanda la kike la kikosi hiki linasitiri vipi, na mtandio unaruhusiwa? Nafasi ya swala na futari ikoje wakati wa mafunzo? Wanawake wanalala wapi? Akitongozwa au kusumbuliwa na mkubwa wake, anakwenda kwa nani? Hili la mwisho tunalitia mkazo. Anayeuliza si mkorofi. Kikosi kinachojibu vizuri masuali haya ni kikosi cha kumpelekea mtoto. Njia nzuri ya kupata majibu ni kumtafuta mwanamke aliyemo, au aliyestaafu, na kumsikiliza akiwa amekaa jikoni kwake bila ya haraka. Yeye atawaambia yasiyoandikwa kwenye tangazo.

Baada ya kuuliza, aswali istikhara. Lakini tuliweke sawa jambo hili: istikhara haiji mahala pa kufikiri. Mtu anafikiri, anashauriana na wenye ujuzi, anaelekea upande mmoja, ndipo anamuomba Mola wake kheri ya jambo lile. Asiyejua KMKM na KVZ vinatofautiana nini, aswali istikhara ya nini?

Kwa akina mama

Maneno ya mwisho ni kwetu sisi wenyewe. Tunampenda mtoto awe karibu, na kwa hivyo tunampeleka kwenye kikosi kilicho karibu na nyumba. Lakini ukaribu haufanyi kazi iwe nyepesi. Askari aliyeko Kibweni anayeogopa bahari yuko mbali na nyumbani kuliko aliyeko Kigoma anayeipenda kazi yake. Tumewaona waliopangwa karibu na mama zao wakirudi kila jioni na uso uliokunjamana, na waliopangwa mbali wakipiga simu wakicheka.

Tunajivunia pia kwamba tangu Machi 2021 Amiri Jeshi Mkuu wa nchi hii amekuwa ni mwanamke, Mama Samia Suluhu Hassan, mwanamke wa hapa hapa Unguja. Septemba ya mwaka ule ule Dkt. Stergomena Tax akawa mwanamke wa kwanza kuteuliwa Waziri wa Ulinzi. Ni fakhari. Lakini mwanamke kuwa juu hakupunguzi uzito wa begi la kuruta hata kilo moja. Binti hataingia kwa sababu ya Mama Samia, ataingia kwa miguu yake.

Basi tumsaidieni kwa mambo machache. Tumpe wiki moja ya kufikiri kabla ya kumjazia fomu. Tusome tangazo lote pamoja naye, mstari kwa mstari, mpaka masharti ya chini kabisa. Tumwache aamke alfajiri akimbie, na tusimuombee ruhusa kwa jirani anayesema mtoto wa kike hakimbii barabarani. Tusimfiche maradhi aliyonayo, maana vipimo vya afya vitayaona. Na akija mtu akisema ana mkono wake huko ndani, anataka fedha kidogo "za kusukuma jina", tumfungulie mlango atoke. Vikosi vyenyewe vimetangaza mara kwa mara kwamba nafasi haziuzwi, na waliotapeliwa wameuza mikufu ya harusi zao. Kijana anayeanza utumishi wake kwa rushwa atalinda sheria gani?

Akiamua baada ya yote hayo kwamba anataka bahari, mwache aende baharini. Akitaka dawati la polisi, au koridoo ya Chuo cha Mafunzo ambayo hakuna anayeitamani, mpe baraka zake. Na akikaa akafikiri akaona gwanda si lake, anataka kuwa mwalimu wa skuli au kufungua kiduka chake cha vitambaa Darajani, ashukuriwe kwa kujijua kabla ya kula kiapo. Nchi inalindwa na waliochagua kusimama pale walipo, na kila kikosi kina askari wa kutosha waliofika hapo kwa sababu ndipo jina lao lilipotoka.